Watu wa Mawe Walimfungua Mama Mdomo

Baba,

Nianze na lile utakaloulizia kwanza: gari lako linawaka. Mdogo wangu Desire alilipeleka kwa fundi, fundi akasema lilikuwa na kiu ya oili tu, ugonjwa halina. Nimeliweka mwanzoni makusudi, maana nakujua, usingesikia neno lingine mpaka habari za gari ziishe. Sasa tulia. Nina mengine ya kukuambia, na ungekuwa hai ungenikatiza njiani. Ungesema, "Ciza, chai inapoa," na mimi ningeinuka kwenda jikoni kama mjinga. Leo huwezi. Pole, Baba yangu, ni zamu yangu kuongea.

Jumamosi iliyopita tuliganduka, tulivua msiba wako. Unaijua siku hiyo kuliko mimi. Mimi ilibidi nifundishwe kwamba kwetu msiba hauishii makaburini. Kwamba mwaka ukikaribia kutimia watu huitwa tena, wakala, wakanywa, wafiwa wakavuliwa msiba mbele ya wote, ndipo mjane aweze kucheka bila kutazamwa. Tulikodi ule ukumbi wa Bankstown uliokuwa ukiulalamikia, kwa sababu msimamizi wake anataka viti vipangwe na sakafu ifagiwe kabla hata watu hawajashiba. Lakini naruka. Ngoja nirudi nyuma, maana kuna jambo lilitokea kati ya kukuzika na kuganduka, na bila hilo hutaelewa kwa nini ukumbi mzima ulilia halafu ukacheza.

Mzee Gaspar ndiye aliyekuja nyumbani kutuandaa. Kila penye msiba wa Warundi huku Sydney yeye ndiye msemaji, na akianza kuongea mtu anaweza kwenda dukani akarudi akamkuta kwenye utangulizi. Akasema siku hiyo mtoto wa kwanza wa marehemu lazima asimame awaeleze watu baba yake alikuwa nani, mwana wa nani, ametoka mlima gani, maana Burundi mlima ndio kijiji, amezaa watoto wangapi. Mama alikuwa anamimina chai. Akaendelea kumimina mpaka kikombe kikafurika na sahani yake ikafurika. Mimi nikajibu kabla mzee hajamaliza. Mtoto wa kwanza si mimi? Nani anagawa nyama nyumbani kwetu? Nani anamwamrisha Desire tangu siku alipozaliwa? Nikasema, "Mzee, usihofu, mimi kuongea si kazi."

Alipoondoka nikakaa nipange maneno, nikajikuta sina la kupanga. Haki ya Mungu, Baba, sina. Najua ulipenda ndizi zilizopikwa na maharage. Najua ulikunja mataulo kwenye kazi yako ya kufua katika kituo cha wazee kana kwamba yanakwenda kwa rais. Najua ulinifundisha kuendesha gari kwenye maegesho ya Cabramatta siku ya Krismasi, kwa sababu uliamini ndiyo siku pekee isiyo na mtu wa kugongwa, na nikagonga toroli la dukani, na ukacheka mpaka ukashika tumbo. Hayo ninayo. Lakini mlima wako unaitwaje? Baba yako alikuwa nani? Nikiwa mdogo nikiuliza, ulijibu, "Tumetoka Tanzania, basi." Nimekuwa mtu mzima ndipo nikaelewa kwamba hiyo Tanzania ni kambi ya wakimbizi, mimi nimezaliwa humo, na nyie mliingia humo mkitokea mahali. Kirundi chenyewe mlikifungia chumbani kwenu. Sisi mkatupa Kiswahili, na Desire akakipokea akakirudisha kwa Kiingereza.

Nikamwendea Mama. Akasema, "Sema alipenda kazi, alipenda kanisa, kisha ukae." Nikasisitiza. Akafungulia maji ya bomba kwa nguvu zote na kuanza kuosha sufuria iliyokuwa safi. Kila nilipouliza, wiki hiyo na zilizofuata, bomba likafunguliwa. Nikaona nitasimama mbele ya watu wote wale, mimi mwenye mdomo, nimtaje baba yangu kama mtu niliyekutana naye kwenye treni.

Sasa usikunje uso, nakuja kwenye Wamaya.

Nakumbuka jinsi ulivyochukia nilipokuambia nitaandika tasnifu kuhusu vita vya Wamaya wa kale. Ulisema, "Vita? Umevushwa bahari zote hizi uje chuo cha Kensington kusomea vita? Wenzio wanasomea unesi!" Nikakueleza kwamba ni watu wa Amerika ya Kati, vita vyao vimepita zaidi ya miaka elfu moja. Hukutaka kusikia. Ulikuwa unazima taarifa ya habari ikionyesha bunduki, sembuse binti yako alete bunduki mezani kwa hiari yake. Tangu siku hiyo ukawa unaniuliza kuhusu chakula cha chuo, kuhusu wale Wakenya wawili ninaokaa nao, kuhusu nauli. Kuhusu masomo, hapana. Niliumia, sikukuambia.

Mama naye hakuwahi kuuliza. Kumbe alikuwa anasikiliza.

Ilikuwa asubuhi moja ya Jumamosi. Tulikuwa tumerudi na ndizi mbichi na majani ya muhogo kutoka Cabramatta, tunamenya, nyumba imenyamaza kwa vile wewe hupo kupiga mluzi. Mara akasema bila kuinua macho, "Hao watu wako wa mawe, wamefikia wapi?" Nilidhani nimesikia vibaya. Nikamwambia, Mama, ni Wamaya. Akasema, "Hao hao, wa mawe."

Nikaanza mbali. Nikamweleza kwamba zamani wataalamu waliamini Wamaya walikuwa watu wa amani, kazi yao kutazama nyota na kuhesabu siku. Wataalamu hao hawakuwa wameweza kusoma maandishi ya Wamaya yaliyochongwa kwenye mawe. Maandishi yalipoanza kusomeka, lo, kumbe kila mfalme anajisifu amemteka nani na mji gani umeanguka. Mama akacheka, kicheko cha kwanza tangu tukuzike. Akasema, "Hata baba yako, kwa ukimya wake, wangemdhania hivyo. Wangesema huyu ni mtu wa nyota."

Jumamosi iliyofuata akauliza tena. Nikamweleza kuhusu mateka. Walifungwa kamba, wakavuliwa mapambo yao, na sura zao zikachongwa kwenye ngazi za mshindi ili kila apandaye awakanyage. Mji ulioshindwa ulipeleka kakao na vitambaa na manyoya ya ndege kwa aliyeushinda. Mama akasikiliza yote hayo, kisha akauliza jambo ambalo nilikuwa sijaulizwa popote: "Na mke wa huyo mateka, asubuhi yake aliamka akafanya nini?" Nikasema labda alisaga mahindi, watoto walikuwa wanataka kula. Akaitikia kwa kichwa, akasema, "Ndiyo. Alisaga."

Baba, nikaanza kuisubiri Jumamosi kuliko mshahara. Nikamweleza kuhusu mji wa Dos Pilas, jinsi mambo yalivyoharibika mpaka watu wakabomoa mawe ya jumba la mfalme na ya mahekalu, wakajenga ukuta haraka haraka katikati ya uwanja wao wa sherehe, wakajibana ndani yake kwenye vibanda. Mama akataka kujua walilima wapi. Nikasema ndiyo hivyo, Mama, mashamba ya mbali hayakufikika tena, vita viliingia mpaka kwenye chungu. Akasema kambini pia watu walilima nyuma ya choo. Akasema hivyo tu, akaomba nimpe chumvi. Nikampa. Kwa miaka yote hiyo hakuwahi kuanzisha sentensi kwa neno "kambini".

Kisha tukafika Aguateca. Ni mji uliokuwa juu ya genge la mawe, na adui aliingia ghafla, akachoma nyumba. Watu wakakimbia, na vitu vyao vikabaki pale pale vilipokuwa: vyungu, mawe ya kusagia, sindano za mfupa, vifaa vya waandishi. Wachimbuzi walipofukua, walikuta nyumba kama mtu ametoka sasa hivi. Mama akaacha kumenya. Kisu kikabaki hewani. Akasema, "Sisi tuliacha maharage motoni."

Na mimi, Baba, mimi Ciza, nilinyamaza. Ungejivunia.

Akaendelea kumenya. Wiki iliyofuata ndipo akauliza, "Na watoto? Mawe yanasemaje kuhusu watoto?" Nikamjibu ukweli. Nikasema mawe yanawataja wafalme, na watoto wa wafalme, na mateka wenye vyeo. Kuhusu mtoto wa mkulima aliyefia njiani hayasemi kitu, Mama, hakuna aliyemchonga. Akafuta mikono kwenye kanga yake, kidole kimoja kimoja, akakaa. Akasema, "Tulikuwa na wawili kabla yako. Mapacha. Bukuru na Butoyi."

Nilisimama katikati ya jiko nimeshika ndizi.

Akasema, "Jina lako, hukuwahi kujiuliza? Kwetu mtoto anayefuata mapacha ndiye Ciza. Mrundi yeyote akikusikia unaitwa anajua kuna wawili mbele yako." Lo, Baba! Mlikuwa mmeniambia ni jina la bibi! Nikawakumbuka wale akina mama wa kanisani, kila mgeni mpya akitambulishwa kwangu anasikia "Ciza", anatabasamu, halafu anageuka kumtafuta Mama na kumwambia pole kwa sauti ya chini. Nilidhani wanamwonea huruma kwa wembamba wangu! Watu wote walijua. Nilitembea nimewabeba wakubwa zangu kwenye jina langu, na mimi peke yangu ndiye sikuwa na habari.

Mama akaniambia yote, hata jina la mlima wako na la babu, na bomba halikufunguliwa. Kwamba siku ile milio ya bunduki ilipokaribia wewe ulimbeba Bukuru, yeye akambeba Butoyi, mkatoka na sufuria moja. Kwamba mvua haikuwaacha, Butoyi akapata homa, na akafariki kabla hamjauona mto Malagarasi wa mpakani. Kwamba ulichimba kwa mfuniko wa sufuria, ukakataa kusaidiwa. Kwamba Bukuru alivuka, akafika kambini, akanywa uji, akawachekesha watu kwenye foleni, mpaka mkaanza kupumua, kisha naye akafa kwa homa. Siku ya pili yake ulikwenda kupanga foleni ya mahindi, kwa sababu usingekwenda msingekula. Hakukuwa na watu wa kuita, wala cha kunywa, wala wa kusema maneno.

Nilikukasirikia, Baba. Sitakudanganya. Nilitoka nje nikalia nimeegemea gari lako, kisha nikalipiga teke hilo gari, na mguu ukauma siku kadhaa. Nilisema, alikuwa na haki gani? Ni ndugu zangu! Umeninyima hata majina yao! Wewe unayekunja mataulo ya wageni kwa upendo vile, ukawakunja watoto wako ukawaweka mahali nisipofika.

Mama alinifuata nje. Akaniambia kwamba nilipozaliwa ulinichukua mikononi, ukasema, "Huyu asibebeshwe wafu. Huyu atembee mwepesi." Ukamwapisha. Naye akashika kiapo chako mpaka Mzee Gaspar alipokuja kusema mtoto wa kwanza asimame. Hapo akashindwa. Hakuweza kuniacha nisimame mbele ya jina lako nikajiita wa kwanza, na Bukuru na Butoyi wakisikia. Lakini mdomo nao haukufunguka, akawa hajui aanzie wapi. Ndipo akakumbuka kwamba binti yake ana watu wake wa mawe, ambao vita vyao ni vya zamani mno na haviwezi kumuumiza mtu. Akaanzia hapo.

Hasira imepungua. Haijaisha, ila imepungua. Ulinitakia wepesi, na kweli nimetembea mwepesi, nimekimbia hata. Asante. Ila nimeshakua sasa, nina mgongo wangu, ninaweza kubeba.

Kulibaki swali moja. Jumamosi ya mwisho kabla ya kuganduka, Mama akauliza, "Na wakaisha?" Nikamwambia vitabu vingi hupenda kuandika kwamba Wamaya walitoweka. Waliotoweka ni wafalme. Waliacha kujenga minara, wakaacha kujichonga kwenye mawe. Watu wa kawaida walichukua watoto na mbegu wakaenda kwingine, wakapanda mahindi, wakazaa, wakaendelea kuzungumza lugha zao. Hadi leo wapo, wana simu, wanavaa sare za shule, wanabishana bei sokoni. Mama akashika kiuno. "Basi si walihama tu? Nani huyo anaandika walitoweka? Mwambie aandike vizuri!" Nikamwambia anayeandika sasa ni mimi. Akasema, "Ehee. Basi andika vizuri."

Desire tulimweleza pamoja, mimi na Mama. Akauliza nani kati ya mapacha alikuwa mtundu. Mama akajibu bila kufikiri: Bukuru. Akaanza kueleza, na hakukoma mpaka wali ukaungua.

Sasa turudi ukumbini. Watu walijaa, Baba. Wenzako wa kazini walikuja, wale Wakenya wangu walileta chapati rundo zima, na Mzee Gaspar alitoa utangulizi wake, wee acha tu. Kisha akaita, "Mtoto wa kwanza wa marehemu asimame." Nikasimama. Nikashika kiti cha mbele yangu, mimi niliyesema kuongea si kazi. Nikamtazama Mama. Akainamisha kichwa kidogo, kuniruhusu.

Nikasema, "Ninaitwa Ciza. Mimi ni mtoto wa tatu wa Baba yangu."

Sikiliza, Baba. Wale akina mama waliokuwa wakinipa tabasamu na kumpa Mama pole walitoa sauti moja, "Eeeeh!", kama watu waliotuliwa ndoo kichwani. Nikautaja mlima wako kwa jina lake. Nikamtaja babu. Nikasema wa kwanza ni Bukuru, mtundu, alivuka mto. Wa pili ni Butoyi, hakuuvuka. Wa tatu ni mimi. Wa nne ni Desire, huyu hapa. Nikasema Baba yetu alimchimbia mtoto wake kaburi kwa mfuniko wa sufuria na hakuwahi kuinua sauti nyumbani kwetu. Nilikuwa nimepanga mengine mazuri kuhusu kazi na kanisa. Hayakutoka.

Mzee Gaspar alitakiwa aseme maneno ya kuvua msiba. Hakusema. Alikuja hadi alipoketi Mama, akainama, akamuuliza kwa Kirundi, na hata mimi nilielewa: hawa watoto, waliwahi kugandukiwa? Mama akatikisa kichwa. Mzee akasimama pale, yeye asiyekosa neno, akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Kisha akawageukia watu, akasema, "Ndugu zangu, tumeitwa kuvua msiba mmoja. Tunavua mitatu."

Akawataja mmoja mmoja. Wewe, Bukuru, Butoyi. Kila jina watu wote wakaitikia, na kila jina Mama akapewa kikombe, akanywa. Baada ya la tatu alikuwa analia na kucheka kwa pamoja. Akamkabidhi Desire mkoba wake, akaingia katikati ya ukumbi, akanyanyua mikono juu kwa ule uchezaji wa kwenu, mikono mipana kabisa. Sikuwahi kumwona akicheza. Mama yangu anajua kucheza, Baba! Ulikuwa unajua hilo? Bila shaka ulijua, ulimwona kabla ya yote. Msimamizi wa ukumbi alikuja kuuliza habari za viti, akapewa sahani, viti havikuulizwa tena. Watu wawili watatu wakamfuata Mzee Gaspar pembeni, nao wakiwa na majina yao ya kumwambia.

Basi, habari ndizo hizo. Tasnifu inakwenda vizuri, sura ya mwisho ni ya waliohama, nayo naiandika kama Mama alivyoagiza. Yeye ameomba likizo kazini. Nakuahidi, Baba, mwakani tunakwenda, mimi na yeye na Desire, hadi Malagarasi, upande ule na upande huu, naye atatuonyesha. Kama mahali penyewe hapatambuliki tutasimama popote karibu tuwaite kwa majina kwa sauti, na majina hayo sitayaacha yapite tena chini chini. Nikizaa nitawasimulia wanangu wangali wadogo, na nitachagua maneno mepesi.

Kwaheri, Baba yangu. Usikae kimya huko kama ulivyokaa huku. Una wa kuongea nao sasa, wape habari zetu. Wasalimie wakubwa zangu. Mwambie Bukuru, mwambie Butoyi, ule ukubwa wote niliojipa nyumbani, wa kugawa nyama na kumwamrisha mdogo wetu, nilikuwa nawashikia tu.

Ni mimi, mtoto wako wa tatu,

Ciza